Kila Kitu Kimelipwa

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Mayai tena. Mayai mawili na nyama ya nguruwe ambayo siiwezi. Nimekula mkate na chai. Maziwa wanayaleta kando, kwenye kijagi kidogo, unatia mwenyewe kama dawa. Hii ni siku ya tatu hapa na bado sijazoea kuketi huku mtu mwingine akitembea kwa ajili yangu.

Kidonda kinawasha lakini hakiumi. Daktari aliyenipasua alisema nisiguse jembe mpaka Septemba. Binti yangu Njeri akasema nikibaki nyumbani Giakanja nitaligusa tu. Ni kweli, ningeligusa. Ndiyo akanilipia siku hizi. Kampuni anayofanyia kazi Nairobi huleta wazungu kwenye hoteli hii, na wakati huu wa baridi vyumba viko wazi, kwa hivyo wafanyakazi wanapewa kwa bei ya chini. Amenipa kijitabu cha kuponi. Nikila, nararua moja naiacha mezani.

"Kila kitu kimelipwa, Mama," alisema. "Usitoe hata senti. Wewe kula na ulale."

Miaka mingi nimepita nje ya ua huu nikienda sokoni Nyeri. Leo niko ndani, naletewa supu. Nimechoka kupumzika.

Jumanne, 6 Agosti

Weita aliyekuwa akinihudumia amekwenda likizo. Mchana wakaleta mwingine. Mtu mzima, mrefu, mvi kichwani, koti jeupe limepigwa pasi vizuri. Aliweka supu bila kumwaga tone. Akasema, "Endelea, mama."

Maneno mawili tu. Kijiko kikanigonga meno. Sauti hiyo naijua.

Sikumaliza supu. Nilisema tumbo linasumbua.

Jioni nimemtazama vizuri alipokuwa akiwasha taa za ukutani. Ni yeye. Ndirangu.

Naandika ili nisijidanganye kwamba nimefananisha. Wakati wa Emajensi, miaka ya Mau Mau, tulipotolewa mashambani na kufungiwa katika kijiji kimoja, Ndirangu alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa wakoloni. Alikuwa na bunduki na koti refu. Sisi wanawake tulichimba handaki kuzunguka kijiji, kutoka alfajiri, watoto wamefungiwa ndani ya nyumba. Baba Njeri alikuwa kizuizini. Siku moja mama yangu aliketi chini kwenye handaki kwa sababu alikuwa na homa. Ndirangu akashuka, akampiga gotini kwa kitako cha bunduki. Nilimwomba kwa jina la baba yake. Akanitazama, akasema, "Endelea." Nikaendelea kuchimba. Mama amelala kando yangu, nami nachimba.

Mguu haukupona. Alitembea kwa fimbo mpaka akafa, mwaka mmoja kabla ya Uhuru.

Nilisikia baadaye kwamba Ndirangu alihamia Nanyuki. Hakuna aliyeniambia amerudi.

Jumatano, 7 Agosti

Yuko bado. Asubuhi, mchana, jioni. Haonyeshi kama ananijua. Mimi nilikuwa mwembamba wakati huo, na kichwa kimenyolewa kwa sababu ya chawa. Labda hanijui.

Meza ya pili kuna mama wa Nakuru na mume wake, watu wa duka la nguo. Wao pia wanakula kwa kuponi. Nilimwambia nafundisha shule, tangu hapo ananiita Mwalimu. Nimemwona akiacha pesa chini ya kisahani. Nikamwambia, mbona unaacha na kila kitu kimelipwa?

"Kuponi ni ya chakula, Mwalimu. Hawa wa kubeba sahani hawamo. Wageni wa kuponi wakija, wengi wanafikiri wamo, basi hawa wanafanya kazi wiki nzima na wanatoka mikono mitupu. Ile tip ndiyo inasomesha watoto wao."

Nilimshukuru. Nilikuwa na sarafu kwenye kitambaa. Sikuitoa.

Nilijikawiza mlangoni nikamwona Ndirangu akisafisha meza yangu. Aliinua kisahani. Akatazama chini yake. Akakirudisha.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilipanda ngazi kama mtu ambaye hajapasuliwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Baridi kali. Mlima Kenya haujaonekana tangu nije.

Leo nimemtuma. Nilisema chai imepoa, akairudisha. Nikasema hii sasa ina moshi. Akaleta nyingine. Nikasema kisu kina doa. Hakikuwa na doa. Nikaangusha kitambaa cha mikono, nikangoja. Aliinama kukiokota na nikasikia goti lake likilia. Ni mzee kuliko nilivyofikiri.

"Ndiyo, mama," kila mara. Uso haubadiliki.

Mama wa Nakuru alikuwa akinitazama. Alipomaliza chakula chake akaacha pesa zaidi ya jana.

Sikuacha kitu asubuhi, mchana wala jioni. Nilidhani nitashiba. Sikushiba. Sikujua kwamba ninayo tabia hii. Darasani sijawahi kumfanyia mtoto hivi, hata yule mbaya kabisa.

Nataka kwenda nyumbani.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua ya manyunyu tangu asubuhi. Wageni wengine walipelekwa kuona wanyama. Mchana chumba cha kulia kilikuwa na mimi na moto peke yetu. Nilikuwa nimeamua kula haraka nitoke.

Aliweka nyama, lakini hakuondoka. Akasema kwa Kikuyu, polepole, akitazama dirishani:

"Mwalimu, nilikujua tangu Jumanne. Nilimwomba mkubwa wangu anipe meza nyingine. Akasema hakuna mtu wa kubadilisha."

Niliweka uma chini.

"Mama yako yuko?"

"Alikufa."

"Na mguu?"

"Haukupona."

Kuni zilipasuka motoni. Kisha akasema, "Wengi wetu tunasema tuliamriwa. Kuna mambo niliamriwa. Lile la mama yako hakuna mtu aliyeniamuru."

Nilitaka aseme aliamriwa. Ningejua la kumjibu. Nimekuwa na jibu hilo tayari kwa miaka mingi.

"Sikuombi kitu," akasema. "Ila jambo moja. Usiniachie pesa mezani. Hawa wengine wakiacha, ni sawa. Wewe, hapana. Sitajua ni ya nini."

Akachukua sahani akaenda jikoni.

Nimekasirika mchana wote. Hata hili anaamua yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnyima, sasa amenigeuzia, ni yeye anayekataa. Na jambo linalonikasirisha zaidi ni kwamba amesema sawa. Nikiacha, ni ya nini? Mimi mwenyewe sijui.

Jumamosi, 10 Agosti

Njeri amekuja kutoka Nairobi kwa basi la asubuhi. Amependeza. Viatu virefu, nywele amezisuka. Kila mtu wa hoteli anamjua kwa sababu ya kampuni. Meneja mwenyewe alitoka kumsalimia na kumwuliza kama mama anatunzwa vizuri.

Tukaketi kula. Ndirangu akaja na supu. Njeri akasimama, akampa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama nilivyomfundisha kuwasalimu wazee.

"Mzee, asante kwa kumtunza mama yangu."

Alishika mkono wa mtoto wangu. Akanitazama. Mara ya kwanza nimeona hofu kwenye uso huo. Nami nikatazama mkate.

Tulipomaliza, Njeri akatoa noti ya shilingi kumi akamtilia mkononi. Mkononi kabisa, si mezani. Hakuweza kukataa, kwa sababu meneja alikuwa amesimama pale. Akasema asante kwa sauti ndogo. Akaiweka juu ya sinia, kati ya vikombe vichafu, akaibeba hivyo mpaka jikoni, kama kitu kilichomwagika.

Njeri akanigeukia. "Mama, wewe umekuwa ukimpa kitu?"

"Ulisema kila kitu kimelipwa."

"Nilisema chakula. Ati wiki nzima hujampa kitu? Mzee kama huyo? Sasa watasema mama yangu ni mtu wa aina gani?"

Nilimwambia tutoke nje. Tulitembea mpaka mwisho wa bustani, kwenye ua wa misonobari, nikamwambia yote. Njeri anakumbuka fimbo ya nyanya yake, ndiye aliyekuwa akimletea. Alikuwa akiambiwa nyanya alianguka. Sikuwahi kumwambia alianguka vipi. Hakuna mtu aliyekuwa akisema mambo hayo nyumbani. Tulinyamaza, tukapanda chai.

Hakulia. Alivua kiatu kilichokuwa kikimwumiza, akakishika mkononi, akasimama hivyo kwenye nyasi.

"Nimemshika mkono," akasema.

Jumapili, 11 Agosti

Tulikwenda kanisani Nyeri. Sikusikia mahubiri. Njeri hakuimba.

Baada ya ibada akaniambia amekwisha kuamua. Atazungumza na meneja leo. Kampuni yao ndiyo inajaza hoteli hii. Akisema weita fulani hafai, kesho hayupo. Hana haja hata ya kutaja sababu.

"Wewe sema tu ndiyo."

Nilikaa kwenye gari la hoteli na neno hilo mdomoni. Lilikuwa tamu. Sikatai. Kichwani nilimwona Ndirangu akivua koti jeupe. Nilimwona akitoka langoni na mzigo, na mtu akimwambia aendelee.

Nikasema hapana.

"Umemsamehe?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia nililokuwa nalo. Kwamba sisi pia tulitolewa nyumbani kwa neno la mtu mmoja ambaye hakutaja sababu. Mkubwa alisema, na kesho yake hatukuwapo. Sitaki neno la aina hiyo litoke katika nyumba yangu. Kama anataka kumshtaki, aende amshtaki kwa jina la nyanya yake, mbele ya watu, na mimi nitasimama nishuhudie. Lakini si kwa kumnong'oneza meneja.

"Nani atasikiliza mashtaka hayo leo, Mama? Nchi nzima imeambiwa isahau."

Najua. Nikamwambia najua.

"Unamtetea."

Hilo liliniuma. Amepanda gari la saa nane kurudi Nairobi. Alinibusu shavuni lakini hakunitazama. Ameahidi hatasema kitu. "Alikuwa nyanya yangu pia," alisema akipanda. Ni kweli. Alikuwa nyanya yake pia.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku ya kuondoka. Nilishuka mapema. Nilitaka kuona kama yuko, maana vijana wakikasirika husahau ahadi. Alikuwapo. Mayai mawili. Hakuweka nyama ya nguruwe. Sikuwahi kumwambia siili. Aliona mwenyewe inavyorudi.

Nilikula yote. Alipokuja kuchukua sahani nikamwambia, "Mama yangu aliitwa Wambui."

"Wambui wa Gachanja," akasema. "Najua."

"Nilitaka ulitaje jina."

Akasimama. Mama wa Nakuru aliacha kukoroga chai.

"Wambui wa Gachanja," akasema tena, kwa sauti ambayo meza zote zingeweza kusikia. Nikararua kuponi ya mwisho nikaiweka mezani, na sikuweka kitu kingine.

Nilipokuwa nikirudisha ufunguo niliona kisanduku cha mbao juu ya dawati. Karani, msichana wa Tetu ambaye nilimfundisha darasa la tatu, alinieleza kwamba ni cha wafanyakazi wote. Kinafunguliwa mwisho wa mwezi na kugawanywa sawasawa, kuanzia wa jikoni mpaka mlinzi wa langoni.

"Hata weita?"

"Hata wao, Mwalimu. Wote."

Kuna mtu alifua shuka zangu. Kuna mtu aliwasha moto chumbani kila jioni na sikuwahi kumwona uso. Nilikula kwa mikono ya watu wengi. Na yeye atapata fungu lake, nilijua hivyo nilipokuwa nikifungua kitambaa cha sarafu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka msichana akaniuliza kama naumwa.

Nikatia.

Haikuwa msamaha. Kama ni kitu kingine, sijui jina lake.

Jumatano, 14 Agosti

Nyumbani. Ng'ombe amekonda kidogo, jirani hakumpa majani ya kutosha lakini sitamwambia. Chai imechipua vizuri. Ukungu mpaka adhuhuri.

Bado hakuna habari kutoka kwa Njeri. Nitamwandikia Ijumaa. Sitaandika juu ya mambo hayo. Nitamwuliza juu ya viatu.

Jirani, Mama Muthoni, alikuja kunijulia hali. Alitaka kujua habari za hoteli, yote. Kitanda. Maji ya moto. Nikamweleza supu inayokuja kabla ya chakula, akacheka sana. Akauliza, na ni nani waliokuwa wakikuletea?

"Mzee mmoja."

"Wa wapi?"

"Wa huku huku."

Akaanza habari za mazishi ya Jumamosi na hakuuliza tena.

Alipoondoka nikapasha githeri ya jana, mahindi na maharagwe. Nimekula nimesimama, kwenye sufuria, karibu na mlango. Mvua inaanza.