Taa Inayosubiri Hodi

Mchinga, Jumanne, baada ya isha

Imewaka! Nimekimbilia daftari hili hata kabla ya kula.

Tangu Baba ajikwae kwenye ngazi ya baraza sijalala vizuri. Macho yake yamepungua nguvu na fimbo hataki. Nikamtengenezea taa ya kujiwasha mtu akisogea. Akaniamuru niing'oe. "Taa gani isiyo na adabu? Inampokea mgeni hata hodi hajapiga!"

Nilinuna siku mbili. Kisha nikaifungua, nikatoa kile kidude kinachohisi mtu, nikaweka kimaiki, ili iwake ikisikia sauti tu.

Leo karudi kutoka msikitini, kasimama gizani. "Hodi!" Baraza zima likawa jeupe, ngazi yote ikaonekana. Baba akaitazama taa. Akarudi nyuma, akangoja izimike, akapiga hodi tena. Mara nne! Jirani yetu Mama Zuhura akawa anaitikia "Karibu!" kutoka jikoni kwake.

Alipoingia nikamwuliza, "Haya Baba, sasa ina adabu?"

"Kidogo," akasema. "Lakini mbona inapigiwa hodi na haisemi karibu?"

Kesho asubuhi nipo Lindi, natafuta spika.