Hakikisha Mgonjwa Yupo

Njombe, Tanganyika

Mke wangu mpenzi, Mama Tulizo,

Salamu hizi zikukute umeketi, usizipokee umesimama na mtungi kichwani. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea, na chumbani kwangu hata nikipiga chafya hakuna wa kuniambia pole. Nawakumbuka mno. Nakumbuka hata kelele zako.

Kile kitabu kikubwa cha matibabu tulichokuwa tukikingoja sisi madresa, wauguzi wa zahanati, kimefika kwa lori kutoka Makambako. Lo! Kurasa za mwanzo zote ni maagizo ya kukitumia. Eti kisome penye mwanga. Eti funua ukurasa mmoja mmoja. Eti kabla ya kutoa dawa, hakikisha mgonjwa yupo! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nacheka peke yangu. Ungekuwapo ungeuliza kama huko Ulaya dawa wanawapa mbuzi.

Juzi akaja mzee wa Kibena kutoka Kifanya. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema homa, kichwa, na miguu kuvimba. Namtazama, miguu yake mikavu kabisa. Nikampa vidonge ameze palepale, akaruka.

"La, bwana dresa! Anayeumwa ni mke wangu. Mjamzito, hawezi kutembea."

"Yaani umeleta ugonjwa, mgonjwa umemwacha nyumbani?"

"Sasa ningembebaje? Lakini nimeutaja wote, sikuacha kitu."

Kumbe huku ndivyo wafanyavyo: mzima hutumwa kuumwa kwa niaba ya mwenzake. Nikachukua baiskeli nikaenda naye. Nikapiga hodi, nikasema, "Hujambo, mama?" Akajibu, "Sijambo, baba," na kichwa hawezi kukiinua. Tukamleta kwa machela. Sasa anakunywa uji, ila bado namhofia.

Tangu siku hiyo sina raha, mke wangu. Barua zako zote huandika kaka yako, na zote husema hujambo, mimba inakua vizuri. Shemeji yangu namheshimu, lakini nashindwa kujua kama wewe ni mzima kweli, au yeye ndiye aliyetumwa kuwa mzima kwa niaba yako. Naogopa, nakwambia wazi.

Mwamkie mama mkwe, na mjomba wako mvuvi umwambie dagaa wake nawaota. Tulizo mbusu, asinisahau sura.

Na wewe shemeji, ukifika hapa msomee dada yako polepole, kisha umwache ajibu mwenyewe. Mama Tulizo, miguu imevimba? Unainuka asubuhi bila kushika ukuta? Kama huwezi, usinitumie maneno mazuri. Nitumie karatasi tupu. Nikiipata nitaondoka siku hiyohiyo, bwana mkubwa apende asipende.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Tulizo