Kalondu Alivyokwenda kwa Mama Ilham

Matinyani,
Kitui.
9 Novemba 2024

Mpendwa kaka Mwau,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikiomba barua hii ikukute mzima huko Kanada. Mgongo umepona? Na siku hizi wanakuacha upumzike, au bado ni lori usiku na mchana? Sisi tu hai. Mvua imeanza, ndengu na kunde zimeota. Shangazi, mama yako, bado anakwenda kanisani kwa miguu ingawa magoti yanamsumbua.

Nimeamua kuandika, kwa sababu ukipiga simu Shangazi huweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie, na mbele yake Kalondu hujibu tu kwamba yuko sawa. Kaka, dada yako hayuko sawa.

Tangu arudi kutoka Ghuba anavaa mikono mirefu hata jua likichoma. Mkono wa kulia uliungua kwa mafuta na vidole havikunjiki vizuri. Binti yake Mbithe alimwacha akinyonya. Sasa mtoto anamwita aunty, na akiumia hukimbilia kwa susu, nyanya yake. Kalondu huona, akainamisha kichwa na kuendelea na kazi. Kanisani wakimuuliza habari za Ghuba, husema kulikuwa na joto.

Unajua nasomea shahada ya uzamili, uhamiaji wa kimataifa na mabadiliko ya jamii. Kwa ajili ya utafiti nimezunguka Kitui na Makueni nikiwahoji wanawake waliokwenda huko kufanya kazi za nyumbani. Sikutaka kumhoji Kalondu, ni damu yangu. Yeye ndiye aliyenifuata jikoni akasema, "Kalekye, mbona unawauliza watu wote ila mimi?"

Basi nikamuuliza, naye akanieleza habari za msichana wa Mwingi aitwaye Ilham. Walifanya kazi katika majengo yanayotazamana. Wote wawili walikuwa wamenyang'anywa simu, kwa hiyo waliongea kupitia madirisha ya jikoni, kwa Kikamba, mtu yeyote asiwaelewe. Ilham alikuwa akipigwa na kuchomwa kwa pasi. Asubuhi moja alimwambia Kalondu kwamba amefungiwa ndani na atafunga mashuka ashuke nayo. Kalondu alimsihi angoje. Hakungoja. Kalondu alimwona akianguka, kisha mwajiri wake akamshika Kalondu nywele akamtoa dirishani.

Mwili ulipoletwa Mwingi, watu wa nyumbani waliambiwa ni moyo uliosimama.

"Nipeleke kwa mama yake," Kalondu aliniambia. "Siwezi kukaa na jambo hili tena."

Nilimpigia msimamizi wangu chuoni. Alinikataza. Alisema kazi yangu ni kusikiliza, si kubeba maneno ya nyumba hii kuyapeleka ile, na kwamba ningeweza kumuumiza yule mama zaidi. Naijua kanuni hiyo na naiamini. Lakini maneno yalikuwa ya Kalondu, na sikutaka ayabebe peke yake. Nikamsindikiza.

Mama Ilham anaitwa Mishi, anauza nguo pale Mwingi. Alitukaribisha bila kutuuliza tumetoka wapi, akatupa chai. Kalondu hakuionja.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa jirani wa Ilham kule. Hakufa kwa ugonjwa wa moyo."

Mama Ilham akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemuosha."

Akaendelea, "Niliuona mgongo wake. Niliiona miguu ilivyovunjika. Nikamvika sanda, nikatoka nje, wanaume waliposema ni moyo nikaitikia. Baba yake ni mgonjwa wa presha. Ningesema nini, na nani angenijibu?"

Halafu akamsogelea Kalondu, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Alijitupa?"

Kaka, kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla yule mama muda wote, kwamba mwanawe alijiua.

"Hapana, mama," Kalondu akasema. "Alikuwa anakuja nyumbani."

Mama Ilham alilia kilio ambacho sitakieleza. Kisha akakunja mkono wa blauzi ya Kalondu, akalitazama kovu, akalipaka mafuta ya nazi polepole kama anayempaka mtoto. Kalondu, ambaye hapa hamruhusu mtu amguse, alimwachia.

Tulipoaga, yule mama aliomba kitabu changu kimtaje Ilham kwa jina. Ilibidi nimwambie kwamba chuo hubadilisha majina yote. Alinitakia safari njema. Ningetamani angenitukana.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita ulimwambia Kalondu kwenye simu atafute mkataba mwingine ili nyumba ya Shangazi iishe kuezekwa. Alikujibu, "Sawa, kaka." Jumatatu alikwenda kwa wakala wa kazi za Ghuba pale sokoni Tulia, na mwezi ujao anatakiwa kwenda kupimwa afya. Nilimsihi, nikamkumbusha Ilham. Akasema, "Mwau ameshasema." Sikulaumu, ulikuwa hujui. Lakini mimi nimesoma yote yaliyoandikwa juu ya safari hizi, na neno langu halimzuii. Lako litamzuia.

Nimempa Yvonne, binti wa mchungaji, akuletee barua hii mkononi, maana anasafiri Jumanne. Ukishaisoma, piga simu yangu, si ya Shangazi. Mimi nitampelekea Kalondu simu hiyo shambani. Mwambie akae. Mabati yatasubiri.

Shangazi anakusalimu sana. Mzee Kiilu wa kanisani anasema anakuombea kila Ijumaa kwenye maombi ya kufunga. Mbithe anauliza kama theluji inaliwa.

Mungu akulinde katika barabara hizo ndefu, akupe na moyo wa kupiga simu hiyo mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Kalekye