Ampli ya Mdogo Wangu

Mjukuu wangu Aline,

Nakusalimu kutoka Gisenyi. Sisi wazima, mama yako amevuna viazi, na goti langu limepoa. Umeuliza kwa nini wenzako huko Mwanza wanatafuta ampli za zamani za transista, zile za kukuza sauti ya gitaa.

Mimi niliichukia moja kwanza. Ilikuwa ya mdogo wangu, Bibi Bernadeta. Zamani sote tulipiga gitaa kwenye kwaya. Ampli yangu ya lampe, zile taa za kioo ndani yake, ilikuwa nzito, tena ilitaka kupata moto kwanza. Yake aliwasha tu ikaongea, kila uzi unasikika peke yake. Kwenye harusi moja huko Mahoko watu wote walimzunguka yeye, na mimi chakula kikanishinda kwa wivu. Nikamwambia mkuu wa kwaya kwamba ampli ile inaharibu sauti za waimbaji. Akaikataza.

Bernadeta hakugomba. Aliibeba mpaka kwangu.

"Dada, kama iko na sauti mubaya, piga we mwenyewe nisikie."

Nikapiga. Ampli yangu ilikuwa inavuruga sauti kidogo, makosa yakapotelea humo. Hii ya transista haikuficha kitu, na ndiyo sababu wenzako wanazitafuta. Kila kidole kilichochelewa kilisikika. Kumbe Bernadeta alisikika safi kwa sababu alipiga safi.

Siku ileile nilikwenda kukiri uongo wangu kwa mkuu wa kwaya, naye akairuhusu tena.

Jumapili hii amepiga tena kanisani, na ampli ileile. Nikamwambia, "Bado nakuonea wivu."

"Najua, Dada," akasema. "Ukiwa mbele yangu ndiyo napiga muzuri."

Akukumbatiaye,
Bibi yako