Kiti cha Baba Anayehama

Mama watoto,

Mjinga wa leo ni mimi. Nilikwenda ofisi ya kodi kuandikisha kuwa nahamia kazi ya ng'ambo, nisihesabiwe tena mkazi wa kutozwa kodi ya mapato huku. Karani akauliza kama nabakiza nyumba huku. Nikajitapa: "Tena na kiti changu, hakikaliwi na mtu!" Akanirudishia fomu: "Basi hujahama, mzee."

Fundi bomba akija, mfungulie. ~~Kiti mpe kaka yako.~~ Kiti kiache kwanza. Barua iliyo chini ya kikombe inasema sina changu humu ndani. Itie sahihi, nitaipitia saa nane. Ila usiharakishe mno, nitaumia.

Baba watoto, asiye na kwao

*Nimetia sahihi. Nyumba huna, mke unaye. Kiti nakikalia mimi. Ukitaka kuninyanyua, rudi.*
*Mama watoto*