Mama Mkwe Alinifundisha Kuvuta Kiko, Sasa Arudishwa Kwao kwa Ajili Yangu

Bi Sabah, mpendwa mshauri wetu, pokea salamu kutoka Chaani. Naomba unisaidie katika jambo ambalo siwezi kumweleza mtu wa kanisani kwangu wala dada yangu wa tumbo moja, kwa sababu najua watacheka kwanza kisha watanihukumu, na mimi sitaki kuchekwa, nataka kuambiwa la kufanya.

Naitwa Milcah, ninashona katika kiwanda cha nguo hapa Changamwe, zamu ya asubuhi, na mume wangu ni Dancun, karani wa kampuni ya malori, mtu mpole na mzee wa kanisa. Mwaka jana mama yake, Mama Peresia, alipata kiharusi kwao Siaya, mkono wa kulia ukalegea, tukamleta tuishi naye. Sasa ujue, Bi Sabah, mimi na mama huyu tangu niolewe hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, si kwamba aliniudhi, ila yeye ni wa maneno machache na mimi ni mtu wa haraka, nakula haraka, natembea haraka, hata nikisali namaliza kabla ya wenzangu, na alipokuja akawa ananiita "mke wa Dancun" kana kwamba jina sina.

Mama huvuta kiko. Amekivuta tangu ujana wake kama kina mama wengi wa rika lake huko kwao, na Dancun hataki hata kukiona, lakini mchana Dancun yuko kazini na watoto wako shule, na siku moja nilirudi kutoka kiwandani nikamkuta uani, amekibana kiko kati ya magoti, anahangaika na kiberiti kwa mkono mmoja, njiti zimemwagika chini na machozi yanamtoka. Hakuniomba. Nilikichukua mwenyewe nikamuuliza, "Mama, nafanyaje?" Akasema, "Weka mdomoni, washa, vuta." Basi nikavuta kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija, kiko kikapata moto hadi sikuweza kukishika, ulimi ukababuka, nikakohoa mpaka nikakaa chini, na mama akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Nani anakufukuza?" akaniuliza. "Moto wa kiko ni mdogo. Ukiuhimiza, unaiunguza tumbaku. Ukiuacha, utaionja."

Basi kila alasiri nikawa namwashia, naye akinifundisha kuvuta kidogo tu, kama mtu anayeonja uji wa moto kwenye ncha ya kijiko, kuuweka moshi mdomoni bila kuumeza, kuutoa, kisha kukaa tukizungumza, halafu kuvuta tena moto unapokaribia kuzimika. Mwanzoni sikuonja chochote ila uchungu. Kisha alasiri moja nikapata utamu wa mbali, kama karanga zinazokaangwa nyumba ya jirani, nikamtazama mama, naye akasema, "Umefika." Na katika kukaa huko amenisimulia jinsi alivyomzika mumewe akiwa na mimba ya Dancun, na jinsi alivyofinyanga vyungu na kuvibeba kichwani hadi sokoni ili mtoto asome, mambo ambayo Dancun mwenyewe hayajui. Siku hizi ananiita Milcah.

Juma lililopita Dancun alirudi mapema akanikuta nimekiuma kiko kati ya meno. Akauliza, "Milcah, umeanza kuvuta?" Kabla sijajibu mama akasema, "Ananiwashia tu. Mimi ndiye ninayemlazimisha. Mkeo hapendi." Nami, Bi Sabah, nikanyamaza.

Dancun akamkataza mama kiko, akasema ataiharibu nyumba, na mwisho wa mwezi atamrudisha Siaya, kwenye nyumba ambayo hakuna hata wa kumchotea maji. Mama hajabisha. Lakini mimi najua kwamba nusu ya kila kiko nilikuwa navuta mwenyewe, tena kwa hiari, na nilipenda. Nikisema, naogopa Dancun hataniheshimu tena. Nisiposema, mama anaondoka. Na kuna la aibu zaidi, tangu mama akatazwe nimejaribu kuvuta peke yangu, na kiko kimerudi kuwa kichungu, mara kinaunguza, mara kinazimika. Nifanye nini, na kwenye kiko nakosea wapi?

Milcah, Chaani

*

Milcah mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho, na la aibu umelikosea. Kuvuta kiko si aibu. Aibu ni kwamba mama mgonjwa alisimama mbele yako akakukinga, nawe ukabaki umejificha nyuma yake hadi leo. Mkono wake mmoja umelegea, na kwa huo uliobaki amekushikia heshima yako. Wewe una mikono miwili, na ulimi pia unao.

Mumeo simlaumu kwa yote. Moshi ndani ya nyumba yenye watoto ni madhara. Tumbaku, hata usipoumeza moshi wake, huharibu kinywa na koo, na kwa mtu aliyepata kiharusi ni hatari zaidi, kwa hiyo mpelekeni mama kwa daktari mumuulize waziwazi. Lakini kupunguza au kuacha ni jambo la kuzungumza na mama kama mtu mzima. Kiko hakimfanyi awe mzigo wa kurudishwa ulikotoka.

Kuhusu kiko, marehemu mume wangu alikuwa baharia, na hapa Likoni nilimjazia kiko chake miaka mingi, basi nisikilize. Chako kimekuwa kichungu kwa sababu unavuta huku sikio liko mlangoni. Mtu mwenye hofu havuti polepole, hawezi. Tena hewa yetu ya pwani ina unyevu, nahisi tumbaku yako imelowa. Ianike kivulini juu ya karatasi mpaka ukiifinya isishikane. Ukijaza, ya chini ilegee na ya juu ikazwe kidogo. Washa, iache izimike, ishindilie taratibu, kisha uwashe tena. Kiko kikiwa cha moto hata huwezi kukigusisha shavuni, kiweke chini kipoe. Kikizimika, kimezimika, hakuna anayekusimamia. Na ukiwa na mimba, au ukijiona huwezi kupitisha siku bila hicho kiko, acha kabisa, wallahi sitakubembeleza kwa hilo.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hamjala, mketishe Dancun mbele ya mama yake. Mwambie, "Nilivuta, nilipenda, na mama alinikinga." Usilie wala usieleze sana. Kisha mwambie kwamba mama haendi popote, na kwamba wewe ndiwe utakayemwangalia. Habari za baba yake na za vyungu usizitoe wewe, si zako. Mwombe mama azitoe mwenyewe. Ukimaliza, pakua chakula.

Bi Sabah

*

Jibu hili nilimpelekea Milcah kwa simu kabla ya kuchapishwa, kwa kuwa mwisho wa mwezi haulingojei gazeti. Ameniruhusu niweke hapa alichonijibu.

"Bi Sabah, nilisema. Dancun alitoka nje, akarudi, akamuuliza mama kama ni kweli. Mama akasema ni kweli, na kwamba sasa ninavuta vizuri kuliko yeye alipokuwa wa umri wangu. Dancun alitaka kukasirika akashindwa. Kisha mama akaanza kumweleza habari za baba yake kwa Kiluo, nikawaachia nafasi, na chakula kilipoa nikakipasha tena. Mama haendi. Kiko kitakuwa cha uani tu, watoto wakiwa shule, na daktari ametuambia wazi kipunguzwe, mama amekubali kimoja kwa siku. Tumbaku niliianika, na utamu umerudi. Mimi huvuta Ijumaa tu, nikikaa naye. Kanisani sijaulizwa, na nikiulizwa nitajibu. Dancun hajasema kwamba amenisamehe. Lakini jana akitoka kazini alinipigia simu kutoka sokoni, akaniuliza mama huvuta tumbaku gani."