Gurudumu la Mbele la Kaka Kabera

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kaka Kabera kaleta pikipiki. Gurudumu la mbele linatetemeka, anasema, hasa akishuka kutoka Nyakiriba na abiria. Nikalifungua, nikaliegemeza kwa ekseli yake juu ya vyuma viwili, nikaliachia lizunguke. Upande mzito ukashuka. Nikabandika kipande cha risasi, hii ya wavuvi, upande wa juu. Likatulia. Kazi ya kitoto! Kaka kaniita profesa.

Jumatano, 4 Juni
Karudi. Bado. Nikadhani risasi imebanduka — wapi, ipo palepale. Nikaitoa, nikazungushia waya wa risasi kwenye spoku, kama tulivyofanya zamani tukifanya kazi Ngara. Hiyo haibanduki.

Gakwaya wa banda la jirani kachungulia. Eti mambo ya zamani hayo, tia shanga ndani ya tairi, zitajipanga zenyewe moto — ndivyo aitavyo pikipiki — ikikimbia. Yeye kakulia Goma, hakuna asichokijua. Nikamuuliza, na tyubu nipeleke wapi? Bon, haya, fundi ni we, kasema, akaenda zake.

Ijumaa, 6 Juni
Asubuhi tu, kaka huyo. Amekasirika. Jana nusura amwangushe mama mwenye mtoto mgongoni. Anauliza kama nimesahau kazi. Mimi!

Nikabeba gurudumu mpaka gereji ya mjini, wana mashine ya kupima magurudumu ya magari. Walicheka kwanza, wakalipima. Halina kosa. Afadhali mashine ingenikosoa.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeendesha mwenyewe, Nyakiriba mpaka chini, Gakwaya nyuma kama abiria. Pikipiki imetulia kabisa. Nikaachia usukani kidogo — wala haikutikisika. Gakwaya analia kwamba nataka kumzika.

Nikarudi na furaha yangu. Kaka akapanda, akashika usukani, anangoja ufunguo. Injini imezimwa. Kioo cha pembeni kinatikisika.

Nikatazama mikono yake.

Nikampa ufunguo. Huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenishikisha spana. Namwambiaje?

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nilimvuta shemeji Drocella pembeni. Anajua. Chai inamwagika, vifungo vya shati anamfungia yeye. Hospitali kaka hataki kusikia, anasema ni uchovu wa barabara. Halafu shemeji kanishika mkono: nakuomba, shemeji, hilo gurudumu ulitengeneze vizuri.

Nikaitikia. Mjinga mimi, nikaitikia.

Mficha maradhi kilio humuumbua, watu husema. Lakini kaka anaficha, au kweli anaamini ni gurudumu? Ningejua hilo, labda ningepata pa kuanzia.

Jumatatu, 9 Juni
Yupo nje sasa hivi. Kaja na abiria wake kabisa, binti wa mtaa wa Mbugangari anayekwenda Nyakiriba kwa bibi yake. Dakika moja tu, kaka anamwambia, mdogo wangu anaongeza uzito kidogo, tunaondoka.

Nimelifungua. Nimelizungusha. Linasimama popote ninapoliacha — hakuna upande mzito. Nimemwambia natafuta risasi, nimeingia huku nyuma, na ninaandika, maana mdomo hautaki. Nimejaribu. Nilitoka, nikasema kaka, akasema naam, nikasema risasi siioni.

Gurudumu ninalo mimi. Nisipolifunga haendi popote. Lakini nitalishikilia mpaka lini? Na Gakwaya yupo hapo, anaweza kumfungia lolote.

Kaka anaita. Anauliza kama nimeipata. Nachungulia mlangoni: binti ameshavaa kofia, na kaka anajaribu kumfungia mkanda wa kidevuni, haupati. Anajaribu tena. Binti anamtazama mikono, kisha ananitazama mimi.